Karatasi zilizovuka ziwa: historia ya vyeti vya kambini

Wengi wetu tulipopanda meli pale Kigoma kurudi Baraka ao Uvira, mizigo ilifanana: masufuria, shitingi, jembe, godoro la kukunja, na mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili juu ya kuogopa maji. Ndani ya ule mfuko mulikuwa karatasi. Karatasi za kuzaliwa za watoto, bilteni za shule, na vyeti: cheti cha kushona, cha useremala, cha kutengeneza sabuni, cha kompyuta, cha mhudumu wa afya. Mtu aliweza kupoteza godoro njiani akanyamaza, lakini mfuko wa karatasi aliushika mkononi mpaka ng'ambo.

Toka safari zile za mwaka 2005 mpaka leo, kuna karatasi zilizofungua mlango na kuna karatasi ambazo hazijatoka ndani ya plastiki. Wanamemba wanatuuliza kila mkutano: "Juu ya nini diploma ya mtoto wangu ilikubaliwa, na cheti changu cha kushona wakanirudishia?" Na ninyi wafadhili munatuuliza kwa namna yenu: pesa tuliyotoa kwa formasyo imezaa nini? Kwetu ni swali moja. Tumeona tulijibu kwa historia, juu historia njo inaonyesha kamba ilikatikia wapi.

Tuanze na karatasi zilizokubaliwa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, wakati vita ilipotutoa Kivu ya Kusini. Lugufu ikafuata mwaka 1997. Miaka ile fikra ya UNHCR ilikuwa kwamba mkimbizi atarudi kwao, kwa hiyo mtoto wake asome programu ya kwao. Serikali ya Tanzania iliona vilevile, na siasa yake ya wakimbizi ya mwaka 2003 ikaandika kwamba elimu ya msingi kambini ifuate mitaala ya nchi walikotoka. Njo vile tukaona jambo la ajabu kidogo: katikati ya mkoa wa Kigoma, ambako mtoto wa Kasulu anasoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili, mtoto wetu alikuwa anakariri vitenzi vya Kifaransa. Miaka sita ya msingi, sita ya sekondari, sawa na Kongo.

Wazazi wengine walinung'unika. Walisema watoto wanafungiwa mlango wa Tanzania, na hawakukosea. UNHCR yenyewe iligeuka baadaye: mkakati wake wa elimu wa mwaka 2012 mpaka 2016 ulisema ni afadhali mkimbizi asome katika mfumo wa nchi inayompokea. Lakini kwa sisi tuliorudi, programu ile ya zamani ilitusaidia, na sababu yake haikuwa uzuri wa madarasa. Madarasa yalijaa, vitabu vilikuwa haba, walimu walilipwa insentivu ya kununua sabuni na chumvi. Sababu ni mtihani. Exetat iko nchini toka miaka ya 1960, na ilipofanyika kambini ilikuwa ile ile ya Kongo, chini ya wakaguzi wa Kongo, na matokeo yakatoka kwa Leta. Mtoto wa Nyarugusu na mtoto wa Bukavu walishika diploma ya namna moja, yenye pointi zake kwa mia. Hakuna prefe aliyehitaji kuuliza kama mwalimu wa kambini alifundisha vizuri, mtihani ulishauliza. Karatasi ilivuka ziwa juu aliyeipima alijulikana pande zote mbili. Mushike neno hilo, tutalirudilia.

Karatasi za formasyo fupi zilikuwa na maisha mengine. Shirika lilikuja na mradi wa miezi sita ao mwaka, likajenga atelie, likaleta mashine za kushona, likafundisha kundi la kwanza, la pili, pengine la tatu. Siku ya mwisho kulikuwa sherehe, soda, picha, na cheti cha rangi nzuri chenye logo tatu ao ine chini yake. Halafu mradi ukaisha. Mratibu aliyesaini akapelekwa nchi nyingine. Lugufu yenyewe ikafungwa mwaka 2009, waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu, na pale palipokuwa atelie pakaota majani. Sasa mwenye kutoa kazi hapa Uvira anashika ile karatasi, anaigeuza mbele na nyuma. Atampigia nani simu?

Tena tuseme ukweli, hata kama unauma. Vyeti vile havikuwa na uzito mmoja. Tuko na mwanamemba aliyejifunza useremala mwaka mzima, asubuhi mpaka jioni, na meza alizozitengeneza bado zinatumika. Tuko na mwingine aliyeketi siku tatu katika semina ya biashara ndogondogo, siku ya kwanza ikiwa ya kujiandikisha. Vyeti vyao ni ndugu mapacha. Ukubwa ni ule ule, maneno ni yale yale: "amehudhuria mafunzo". Hakuna saa ngapi, hakuna kazi gani alifanya kwa mikono yake, hakuna jina la aliyempima, na mara nyingi hakupimwa. Mkubwa wa biro anayekataa zote mbili si lazima awe mtu mbaya ao mwenye kutafuta kitu kidogo. Hana namna ya kuzitofautisha. Anayeumia ni seremala.

Kwa upande wa afya mambo ni mazito zaidi. Hapa kwetu muuguzi anajulikana kwa A1 ao A2. Mhudumu wa kambini alirudi bila herufi wala namba. Mama mmoja wa chama alisaidia uzazi kambini miaka mingi, na aliporudi aliambiwa kwenye mlango wa zahanati: "Mama, hii haiko ya kwetu." Alikwenda kulima. Sisi tulikasirika, lakini tulipokaa kuzungumza, akina mama wenyewe njo walisema kwamba hawataki mtu ambaye hakupimwa azalishe binti zao, hata kama ana vyeti kumi. Hasira yetu haikuwa juu ya kudaiwa uthibitisho. Ilikuwa juu ya kwamba hakuna aliyejitolea kumpima.

Jambo hili si geni kwa Kongo, na wazee wetu wanakumbuka kesi kubwa kuliko zetu. Toka miaka ya 1930 Wabelgiji walifundisha Wakongomani kuwa wasaidizi wa munganga, asistani mediko walivyoitwa. Masomo yalikuwa ya miaka mingi, pamoja na stazhi hospitalini. Walitibu, walisaidia kupasua, wengine waliendesha kazi yote munganga mzungu akiwa likizo. Lakini karatasi yao haikuwa ya udaktari, wala Léopoldville wala Brussels. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, minganga wengi wa Kibelgiji waliondoka ndani ya majuma machache, na nchi haikuwa na daktari Mkongomani aliyemaliza udaktari humu ndani. Shirika la Afya Duniani, OMS, likafanya hesabu: watu hawa wanajua tayari sehemu kubwa ya kazi, wanakosa nini? Makumi yao wakapelekwa Ufaransa, wakaingizwa katikati ya masomo ya udaktari wala si mwanzo kabisa, na mwaka 1963 nchi ikaanza kuwapokea wakiwa madaktari kamili.

Tunapenda kisa hiki juu hakina hadithi ya huruma ndani yake. Hakuna aliyesema "tuwakubali tu, nchi iko na shida", na hakuna aliyesema "warudi darasa la kwanza". Walipimwa, pengo likaonekana, pengo likajazwa. Ingewezekana 1960, wakati serikali ilikuwa inavunjika mikononi mwa watu, tunashindwa kuelewa kwa nini isiwezekane kwa fundi wa kushona.

Sheria za dunia zinasema nini? Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliuingia mwaka 1964 na Kongo mwaka 1965, una kifungu cha 22. Kinasema kwamba katika elimu ya juu ya msingi, pamoja na kukubaliwa kwa vyeti vya shule na diploma za nje, mkimbizi asitendewe vibaya kuliko mgeni mwingine. Ni kifungu kizuri. Lakini kinamlinda mkimbizi, na siku unapokanyaga Baraka na kukaa, wewe si mkimbizi tena. Ulinzi unaishia gatini. Mwananchi aliyerudi kwao hakufikiriwa sana na waandishi wa 1951, pengine juu walidhani kurudi nyumbani ni mwisho wa matatizo.

Baadaye Afrika ilitengeneza mkataba wake Arusha, tarehe 5 Desemba 1981, juu ya kutambuana masomo na diploma. Ukarekebishwa Addis Ababa mwaka 2014, na ule mpya ukaanza kufanya kazi Desemba 2019. Ulaya ilikuwa na wake wa Lisbon toka 1997, ambao sehemu yake ya saba inaamuru nchi zitafute njia ya kumpima mkimbizi hata kama amepoteza karatasi zote. UNESCO ikaongeza mkataba wa dunia nzima mwezi wa Novemba 2019, nao ukaanza kazi mwaka 2023. Tumeisoma mikataba hii kwa faida yenu, na tunaweza kuwapunguzia safari: karibu yote inaangalia juu, kwenye elimu ya chuo kikuu. Mtu wa lisansi atapata pa kushika. Mtu wa kushona, wa kuchomelea vyuma, wa kompyuta ya miezi mitatu, atapita chini ya meza.

Lakini ndani ya kazi hizo za wakubwa mulitoka njia moja inayotufaa. Norwe, wakati Wasiria walipofika kwa wingi mwaka 2015, ofisi yake ya kutambua vyeti iitwayo NOKUT ilianza kumwita mtu aliyekosa karatasi, kumpa fomu ya maswali marefu, halafu kumketisha mbele ya wajuzi wawili wanaojua mfumo wa nchi yake. Ulisoma wapi, miaka ngapi, walimu walikupima vipi, ulitumia vyombo gani? Mwongo anajulikana haraka. Baraza la Ulaya liliichukua njia hiyo mwaka 2017 na kuiita pasipoti ya sifa za elimu ya wakimbizi. Inadumu miaka mitano, na inaeleza wazi nini kimethibitishwa kwa karatasi na nini kwa mahojiano. UNESCO ilijaribu ya namna hiyo Zambia toka mwaka 2019, na Zambia ni nchi yenye ndugu zetu wengi wa Katanga na Tanganyika. Pasipoti ile haiko diploma. Haimlazimishi mtu yeyote kukuajiri. Inasema tu kwamba watu wenye kujua wamekusikiliza na wameandika walichosikia, wakasaini kwa majina yao.

Tuje sasa kwenye vyeti vidogo vyenyewe, juu siku hizi wakubwa wa elimu wameanza kuviheshimu. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa pendekezo la maana yake, na tarehe 16 Juni mwaka huo huo nchi za Umoja wa Ulaya zikapatana juu ya nini kiandikwe kwenye cheti cha namna hiyo ili mtu wa nchi nyingine akiamini: jina la mwenye nacho, jina la formasyo, nchi, nani anakitoa, tarehe, mtu sasa anaweza kufanya nini, alitumia saa ngapi, ni ngazi gani, alipimwa kwa njia gani, alisoma kwa kuhudhuria ao kwa intaneti, na nani anachunguza ubora wa anayetoa. Tulichukua vyeti vya wanamemba tukavisoma kwa kufuata orodha hii. Jina lipo, tarehe ipo, logo ziko nyingi. Saa, hapana. Kupimwa, hapana. Anachoweza kufanya, hapana. Ajabu ni kwamba vitu vinavyokosekana havina gharama ya wino. Ni mistari mitano hivi, na mwalimu wa kambini aliijua yote siku ile alipokuwa anagawa soda.

Si kwamba ilikuwa haiwezekani kambini. Dzaleka, kambi ya Malawi yenye Wakongomani wengi, toka mwaka 2010 Wajesuiti walileta masomo kwa njia ya intaneti, na aliyemaliza alipata diploma ya Regis University ya Denver, Marekani. Tofauti na vyeti vyetu haikuwa akili ya wanafunzi wala umaskini wa kambi. Nyuma ya ile karatasi kuna chuo chenye rejista, ambako mtu anaweza kuandika barua baada ya miaka 15 na kujibiwa. Tanzania nayo iko na VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kwa miaka sasa inampima fundi aliyejifunza chini ya mwembe, bila shule, na kumpa cheti kama mikono yake inajua kazi. Inasikitisha kufikiri kwamba miaka yote ile tulikuwa ndani ya mkoa wa Kigoma, lakini sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 ilitaka mkimbizi asitoke kambini bila kibali, na fundi wetu akabaki upande wa ndani wa uzio.

Wengine wanatuambia tungojee Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo iliingia mwaka 2022, ni kweli, na itifaki ya soko la pamoja, iliyoanza kazi Julai 2010, ina kifungu cha 11 juu ya kutambuana vyeti. Lakini tuangalie kilichofanyika chini ya kifungu hicho: mapatano ya wahasibu, ya wasanifu wa majengo, ya wahandisi, ya minganga ya wanyama. Ni kazi za watu wenye ordere yao na ofisi zao za kuzungumzia. Seremala hana ordere Arusha. Tunaunga mkono Jumuiya, hatuipingi, lakini hatutalala tukiingojea.

Kwa hiyo kamati imeamua kufanya kazi iliyo ndani ya uwezo wetu. Tumefungua daftari. Mwanamemba anakuja na cheti chake, na hata asiye nacho anakuja. Anaeleza alisoma wapi, miezi ngapi, siku ngapi kwa juma, mwalimu alikuwa nani, walitumia mashine gani. Watu wawili waliosoma naye wanaulizwa kila mmoja peke yake. Halafu anaitwa atelie siku moja nzima: apime, akate, ashone suruali, ama achonge mlango na kuufunga mahali pake. Wanaomwangalia ni mafundi wawili ambao hawakumfundisha, na mmoja lazima awe wa wale waliobaki nchini wakati sisi tulikuwa ng'ambo. Hilo la mwisho lilileta kelele mkutanoni. Munajua maneno tunayosikia sokoni: "Ninyi mulikula misaada, sisi tulikula vita." Lakini njo sababu tumelisimamia. Sahihi ya fundi ambaye soko la Baraka linamjua ina nguvu kuliko tampo ya chama chetu, na mtu aliyebaki akisema kazi ya aliyerudi ni nzuri, soko linamwamini.

Aliyeshinda anapata barua ya maelezo, si diploma. Sisi hatuko Leta na hatutajifanya Leta. Barua inasema alichofanya, siku gani, mbele ya nani. Aliyeshindwa anaambiwa wazi pengo lake ni nini, na jina lake linabaki kwenye daftari ili arudi. Semina za siku tatu tunaziandika kama semina za siku tatu. Wengine wamechukia, lakini bila hivyo barua ya seremala haina kazi. Juu ya wahudumu wa afya, hatuwapimi sisi hata kidogo. Tunaandika historia yao na kuipeleka kwa wakubwa wa afya, tukiomba wapimwe na watu wa kazi yao. Kwa ufundi, tunataka kubisha hodi INPP, ambayo kazi yake toka mwaka 1964 ni kufundisha na kuongeza ujuzi wa wafanyakazi, ili barua yetu iwe mwanzo wa kupimwa kule, na mtu asianze upya masomo anayoyajua.

Ninyi wafadhili, ombi letu linaweza kuwashangaza. Kama pesa haitoshi, mupunguze idadi ya wanafunzi, musipunguze siku ya kupima. Tunajua ripoti inapendeza ikiwa na watu 40 kwenye picha. Tuleteeni ripoti ya watu 15 waliopimwa na mtu wa nje, wenye cheti kinachosema saa na kazi, tutaisoma kwa furaha kuliko ile nyingine. Na mradi ukifungwa, muache nakala ya rejista mahali ambako mtu anaweza kuifikia: kwa chama, kwa parokia, kwa ofisi ya elimu ya teritware, popote penye kabati na kufuli.

Na kwa ndugu walio bado Nyarugusu wanaosoma gazeti hili kwa simu: kabla ya kujiandikisha kurudi, mwendeni kwa mwalimu wenu wa formasyo angali pale. Mumwombe aandike nyuma ya cheti, kwa mkono wake, saa ngapi mulisoma, kazi gani mulimaliza peke yenu, na nani aliwapima. Aweke jina lake lote na namba ya simu. Mupige picha mbele na nyuma, mutume kwa ndugu aliye huku, ndipo mufunge mfuko.